Roketi ya mtoto imekuja bila injini, fundi wa mtaani anasema atatutengenezea. Tukubali?

"Shikamoo mwalimu. Niko Tanga, mwanangu ana miaka 13, yupo fomu wani. Mjomba wake anaishi Marekani, mwezi uliopita kaja likizo kamletea boksi la roketi ya kuunganisha, kuna bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao nyepesi, pua ya plastiki na kaparachuti. Injini hazimo, anasema kwenye ndege hawaruhusu. Sasa hapa mtaani kuna kijana fundi redio anasema injini sio kitu, ataitengeneza kwa mbolea na sukari, au tuchukue fataki za mwaka mpya tuzichomeke humo. Kasema pia mapezi ni makubwa mno yanaongeza uzito, tuyakate nusu ipae zaidi. Mtoto hata usingizi hapati, anataka Jumapili tukairushe ufukweni Raskazone. Mimi naogopa ila sitaki kumvunja moyo. Nifanyeje?"

Marahaba dada yangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya Jumapili. Nikujibu kwanza kwa kifupi halafu ndo nieleze. Injini ya fundi hapana, fataki hapana, mapezi msiguse mkasi. Ila Jumapili hiyo hiyo mwanao anaweza kurusha roketi ya kweli, inayopanda juu kabisa, bila moto hata kidogo, ntakuonesha chini huko. Na hiyo ya mjomba aiunganishe taratibu vizuri, aipime, aiweke ikisubiri injini halali.

Uoga wako una haki. Wewe ni mtu wa Tanga, hujahitaji kusoma popote kujua mchanganyiko wa kienyeji unafanya nini, pwani yetu hii tumeishi na uvuvi wa mabomu miaka mingi na kuna watu wanatembea mtaani na kiganja kimoja kwa sababu chupa iliwalipukia mkononi kabla hawajaitupa. Yule kijana fundi sidhani kama ana nia mbaya, mafundi redio ni watu wa kujaribu na mimi nawapenda kwa hilo, lakini anachofikiri yeye ni kwamba kitu kinachowaka haraka ndo injini. Sivyo. Kitu kinachowaka haraka bila mpangilio ni bomu, injini ni kitu kinachowaka kwa mpangilio, na tofauti ya hivyo viwili huioni kwa macho.

Angalia hivi. Ndani ya injini ya roketi ndogo baruti imeshindiliwa ikawa ngumu kama chaki. Moto unakula ule uso ulio wazi tu, tabaka kwa tabaka, gesi inatoka kwenye kitundu cha nyuma kwa kasi ileile inayozalishwa. Sasa chukulia kuna ufa mwembamba ndani, umetokea wakati wa kushindilia, au kwa sababu kitu kilikaa kwenye unyevu huu wetu kikavimba kikakauka. Moto unaingia kwenye ufa, ghafla uso unaowaka unakuwa mara mbili tatu, gesi inazidi kile kitundu kinachoweza kutoa, presha inapanda, na presha ikipanda baruti inawaka haraka zaidi, inazalisha gesi zaidi, presha inazidi kupanda. Inajichochea yenyewe. Yote hayo ni chini ya sekunde na bomba linapasuka. Hapo hujahesabu hatari ya wakati wa kusaga na kuchanganya, ambapo msuguano tu unatosha. Kwa hiyo hata akikuambia alishatengeneza moja ikawaka vizuri, hiyo moja haikuambii kitu kuhusu ya pili.

Na hili sio jambo la sisi tu wa huku. Huko huko Marekani miaka ya 1950, hasa baada ya Warusi kurusha satelaiti ya Sputnik mwezi wa kumi 1957, watoto na vijana walivamia kutengeneza roketi majumbani na wengi waliumia. Kulikuwa na mtu mmoja wa Nebraska, Orville Carlisle, mwenye duka la viatu, aliyekuwa anaelewa sana mambo ya fataki, alikuwa ameunda roketi ya karatasi yenye injini ya kuchomeka na kutoa. Mwaka huo wa 1957 akamwandikia G. Harry Stine aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kurushia makombora cha White Sands, na Stine akaona hapo ndo dawa ilipo, mtoto aunde roketi yote kwa mikono yake lakini injini asiiguse, injini itoke kiwandani. Baadaye kidogo Vern Estes akaunda mashine ya kushindilia injini hizo, kila moja sawa na mwenzake. Mchezo mzima unaomuona mjomba kauleta kwenye boksi umesimama juu ya kanuni hiyo moja. Ukiitoa umebaki na kitu kingine kabisa.

Fataki nazo ni hivyo hivyo. Fataki imetengenezwa iende juu ikapasuke, ndo kazi yake, halafu ile haina namna ya kufungua parachuti. Injini ya roketi ya mfano ina vitu vitatu vimepangana. Juu ya kitundu kuna baruti ya kusukuma, juu ya hapo kuna sehemu inayowaka polepole inatoa moshi tu wakati roketi inaendelea kupanda kwa mwendo iliyonao, mwisho kuna baruti kidogo inayopuliza kuelekea juu, inafyatua pua na kutoa parachuti. Ndo maana kwenye injini utakuta maandishi kama A8-3 au C6-5. Herufi ni nguvu yote kwa ujumla, na kila ukipanda herufi moja kiwango cha juu kinakuwa mara mbili, A mwisho wake nyutoni-sekunde 2.5, B 5, C 10. Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, ya mwisho ni sekunde za kusubiri kabla parachuti haijatoka. Mwambie mwanao azikariri hizo, siku injini ikija atajua kuchagua.

Sasa tuje kwenye mapezi, hapa ndo nataka nikae kidogo maana hapa fundi wenu kakosea kosa ambalo hata watu wazima wengi wanalo.

Watu wanadhani roketi inakwenda juu kwa sababu moto unasukuma ardhi, ikishaachana na ardhi inakuwa kama jiwe. Hapana. Puliza puto uliachie, linakimbia chumba kizima hata katikati ya hewa, kwa sababu linatupa upepo nyuma na lenyewe linasukumwa mbele. Kusukumwa basi sio tatizo. Tatizo la puto ni kwamba halijui pa kwenda, linazunguka linagonga taa linaangukia kwenye mchuzi. Kinachofanya roketi isiwe puto ni mapezi.

Fikiria mshale. Chuma kiko mbele, manyoya nyuma. Mshale ukiyumba kidogo upepo unayapiga yale manyoya kutoka ubavuni, nyuma inarudishwa kwenye mstari, na unageukia kwenye kitovu chake cha uzito kilicho mbele. Roketi ina vitu viwili vya kuangalia, kitovu cha uzito, yaani mahali ukiiweka juu ya kidole inatulia, na kitovu cha upepo, mahali ambapo nguvu yote ya hewa ya ubavuni ni kama imekusanyika. Cha uzito lazima kiwe mbele, cha upepo kiwe nyuma, na kati yao pawe na nafasi isiyopungua upana wa bomba. Ukikata mapezi nusu, kile cha upepo kinasogea mbele. Kikikutana na cha uzito au kikakipita, roketi ikiyumba kidogo tu upepo unaizidishia badala ya kuirudisha, inapinduka hewani na injini bado inawaka, na hapo inaenda popote, ikiwemo mlipo nyinyi. Huo uzito mnaoupunguza kwa kukata ni gramu chache, mnaolipa ni usalama wote.

Hili nimelipata kwa mikono yangu. Mwaka nilioanza kurusha roketi za chupa na wanafunzi, tulifunga mapezi ya boksi la viatu tukaridhika, mbele hatukuweka uzito wowote. Ile chupa ilipanda kama mita nne, ikageuka, ikalala ubavu, ikaja moja kwa moja usawa wa vifua ikapita katikati ya watoto wawili waliokuwa wamesimama bega kwa bega. Ilikuwa chupa ya maji na haikumgusa mtu, lakini yule mmoja aliishika shati yake pale ilipopita upepo, na mimi sijawahi kuisahau ile shati. Tangu siku hiyo hairuki roketi yangu yoyote bila kupimwa kwa kamba.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Maelekezo ya boksi yataandika inatumia injini za upana wa milimita 18, hizo ndo za kawaida kwa roketi ndogo, ila soma uhakikishe. Injini ya C6 ina uzito wa karibu gramu 24, na betri ndogo ya saa, ile ya AA ya alkaline, ina karibu hizo hizo gramu 23. Kwa hiyo chukua betri moja, izungushie karatasi mpaka ikae sawasawa kwenye tundu la injini isicheze. Weka parachuti ndani, funga pua, kila kitu kiwe kama siku ya kuruka. Hii ni muhimu maana injini ndo inavuta uzito nyuma, ukipima roketi tupu unajidanganya. Itafute mahali inapotulia juu ya ukingo wa rula, weka alama ya kalamu. Funga uzi hapo hapo kwenye alama, ushike na selotepu usiteleze, acha urefu wa kama mita mbili, halafu nenda pa wazi uizungushe juu ya kichwa pole pole. Ikitangulia pua muda wote, salama. Ikienda mkia mbele au ikilala ubavu, ongeza plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, ndani ya pua kidogo kidogo, upime tena. Wengine wanakata umbo la roketi kwenye kadibodi, lile umbo la ubavuni, wanaliweka kwenye rula, linapotulia ndo wanachukulia kitovu cha upepo, na ni njia nzuri kwa mtoto kuona kwa macho kwanini mapezi makubwa yanavuta nyuma.

Kwenye kuunganisha, kitu kinachoharibu roketi nyingi ni haraka. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, supagluu inakauka upesi ila inakuwa kavu inavunjika roketi ikitua. Paka gundi kwenye ukingo wa pezi na kwenye bomba, viguse, vitoe, subiri dakika chache ziwe zinanata, paka tena ndo ubandike moja kwa moja. Ikikauka pitisha kidole chenye gundi kwenye kona ya pezi na bomba pande zote, kale kamfereji ka gundi ndo kanabeba nguvu. Mistari ya mbao kwenye pezi ifuate ukingo wa mbele kwenda nje, ikikaa sambamba na bomba pezi litakatika kama biskuti. Na joto la Tanga lina unyevu, bomba la karatasi linavimba na pua inakaza, akishaunganisha apige msasa laini shingo ya pua mpaka iteleze, ukiishika pua na kuitikisa roketi bomba lianze kuachia. Parachuti ya plastiki ipakwe poda ya mtoto kabla ya kukunjwa, isipopakwa inashikana kama mfuko wa nailoni uliokaa juani na haifunguki.

Kuhusu mahali. Raskazone nakuelewa, ni pazuri, kweupe, watu wanapenda. Lakini fikiria upepo. Roketi yenye mapezi wakati inasukumwa inageukia upepo unakotoka, ndo tabia yake, halafu parachuti ikifunguka inachukuliwa upepo unakokwenda. Asubuhi mapema wakati hewa imetulia ndo muda unaofaa kurusha, sasa kwetu asubuhi ndo upepo wa umande unavuma kidogo, unatoka bara kwenda baharini, kwa hiyo parachuti itakwenda na maji na mtoto atataka kuifuata. Jua likipanda upepo unatoka baharini, kusi ya mwezi wa sita na wa saba unaijua ilivyo, minazi ikishaanza kupiga kelele hapo hakuna kurusha. Kanuni wanazofuata wenzetu ni upepo usizidi kilomita 32 kwa saa, na mimi kwa mtoto napendelea chini ya nusu ya hapo.

Piga hesabu na mwanao. Roketi ndogo kwa injini ya C inaweza kufika mita 300. Parachuti ikishuka mita 4 kila sekunde itakaa hewani sekunde 75, na upepo wa mita 5 kwa sekunde utaipeleka mita 375. Hapo umeshavuka uwanja wa mpira, barabara na nyumba za watu. Kwa injini ya A kiwanja cha mita 30 kwa 30 kinakubalika, B 60, C 120. Kwa hiyo hata injini zikija anzeni na A kwenye uwanja wa shule, majani mafupi na yasiwe makavu, mbali na nyaya za umeme. Mashamba ya mkonge yanaonekana ni wazi ila yale majani yana miiba mwishoni inayofika usawa wa macho ya mtoto anayekimbia anaangalia juu, sipapendi.

Haya, Jumapili. Tafuta chupa ya soda ya lita moja na nusu, ya soda kweli, sio ya maji ya kunywa maana ile ni laini mno. Soda iliyofungwa kwenye joto letu hili inaisukuma chupa kwa presha kubwa tu, kwa hiyo chupa yake imezoea. Isiwe na mikwaruzo wala isiwe imebonyea. Nenda kwa fundi baiskeli akukatie vali ya tyubu iliyokufa, aipitishe kwenye kizibo cha mpira kinachobana mdomo wa chupa, na akuungie mpira mrefu wa mita tano kati ya pampu na vali, afunge na klipu. Huo urefu usikubali upunguzwe. Mapezi matatu ya kadibodi ngumu yabandikwe kwa selotepu pana upande wa mdomo, gundi ya moto usitumie inadhoofisha plastiki. Mbele, yaani kwenye kitako cha chupa, bandika plastisini ukubwa wa ndimu na juu yake sponji, ili ikitua isimuumize mtu. Ipime kwa kamba ikiwa tupu, kwa sababu maji yanatoka mwanzoni tu, sehemu kubwa ya safari inaenda bila maji.

Maji weka theluthi, kama nusu lita. Hapa mtoto ndo anaona somo lote, weka hewa tupu bila maji inaruka kidogo, weka maji theluthi inapaa, jaza maji nusu na zaidi inapanda kivivu. Maji ni mazito kuliko hewa, ukitupa kitu kizito nyuma unasukumwa zaidi mbele, lakini ukijaza sana hewa ya kusukuma inakosa nafasi na mzigo unazidi. Aandike kila mruko kwenye daftari. Chupa isimamishwe kwenye kitu imara, kitako kikiangalia juu, kizibo kitafyatuka chenyewe presha ikitosha, hakitoi taarifa, kwa hiyo anayepampu avae miwani ya kukinga macho na hakuna anayeinamia chupa kwa sababu yoyote. Pampu iwe na geji, msivuke PSI 50. Ikigoma, msiisogelee mpaka upepo umetolewa upande wa pampu. Watazamaji wote nyuma ya anayepampu.

Mambo ya kwenda kwa watu ana kwa ana ni haya. Kama yule kijana ameshachanganya kitu, msikiguse, msikimwage wala kukitupa jalalani, toeni watoto na mpige Zimamoto 114 au mwende polisi, bora aibu ya siku moja. Injini za kiwandani nazo ni baruti kisheria, usimwombe mjomba azifiche kwenye begi, zinakatazwa kwenye ndege iwe begi la mkononi au la chini, na kuingiza nchini ni mambo ya kibali. Afadhali mwalimu wa fizikia wa shule yao aandike barua rasmi kuuliza, na siku ya kurusha kitu chenye moto mwenyekiti wa mtaa na polisi wawe wanajua, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga waulizwe pia maana kiwanja chetu cha ndege kiko hapa hapa mjini. Mlio wa baruti Tanga hauchukuliwi kama mchezo na watu wana sababu. Kwa ya maji, mwenyekiti akiambiwa tu inatosha. Na mtu akipigwa jichoni hata kama haoni maumivu makubwa, asisugue, lifunikeni kwa kikombe kisafi bila kukandamiza, moja kwa moja hospitali ya Bombo.

Yule fundi redio usimfukuze, mpe kazi. Atengeneze kisanduku cha kuwashia kwa umeme, betri nne, waya mrefu wa mita tano, funguo ya usalama inayotoka, na taa ndogo inayoonesha waya umeunganika. Siku injini halali zikija kitatumika, na ikishindwa kuwaka mnatoa funguo mnasubiri dakika nzima ndo mnasogea. Kwa sasa wakijaribu kwa balbu ndogo.

Mwanao akishapima ile ya mjomba na betri ndani, apime kwa rula kutoka ncha ya pua mpaka kwenye alama, na kutoka ncha ya pua mpaka mwanzo wa mapezi, na upana wa bomba. Niandikie hizo namba tatu pamoja na umbo la mapezi, nitakwambia kama inahitaji plastisini na kiasi gani.